Jumapili kaptula, Jumanne theluji: Machi ya Illinois na upepo wake

Swali: Jambo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, tulitoka Uvira, sasa tunakaa Beardstown, Illinois. Nafanya kazi kiwandani, zamu ya pili. Jumapili watoto walicheza nje na kaptula. Jumanne niliangalia simu, ikasema joto litafika 61. Nilipotoka saa nane mchana kulikuwa na baridi, nikadhani joto bado linakuja, nikavaa sweta tu. Saa sita usiku natoka kazini, gari limefunikwa na theluji. Majirani wanacheka, wanasema ndivyo ilivyo hapa. Je, simu inadanganya? Au dunia imeharibika? King'ora kinacholia Jumanne asubuhi, tukikisikia tukimbie? Na lengalenga (mchicha) nipande lini? Mwaka jana nilipanda Aprili, ikafa yote.

Jibu: Dada yangu, nianze na simu, maana ndiyo iliyokuponza.

Haikudanganya. Hiyo 61 ya Farenhaiti ni nyuzi 16 za Selsiasi, na ni kiwango cha juu kabisa cha siku nzima, siku yenyewe ikihesabiwa kuanzia saa sita usiku hadi saa sita usiku inayofuata. Kwa jinsi ulivyoeleza, usiku wa kuamkia Jumanne hewa ya joto ilikuwa bado imetanda juu ya mji wenu. Joto lilifika 61 pengine saa saba au saa nane usiku, wewe umelala. Kabla hakujapambazuka upepo ukageuka, baridi ikaingia, na kuanzia hapo kipimo kikawa kinashuka tu, mchana kutwa. Ulipotoka kwenda kazini ukasema moyoni, jua likikolea kutakuwa na nafuu. Kumbe joto ulilokuwa unalingoja lilishapita nusu siku nzima.

Sisi tuliokulia karibu na ikweta hunaswa hapo kila mwaka. Uvira, kama Kigoma au Bujumbura, siku ina mwendo wake unaojulikana: alfajiri ubaridi, saa nane jua linachoma, jioni kunapoa. Ukijua saa, unajua joto. Anayeamua ni jua. Beardstown mwezi Machi anayeamua ni upepo. Ukivuma kutoka kusini usiku wa manane, joto hupanda gizani. Ukivuma kutoka kaskazini-magharibi saa saba mchana, joto hushuka hata jua likiwa linawaka. Ukilishika hilo, mengine yote nitakayokueleza yanatoka humo.

Sasa kwa nini upepo uwe na nguvu kiasi hicho? Tazama ramani ya Amerika ya Kaskazini. Milima ya Rocky imesimama magharibi, ikielekea kaskazini na kusini. Milima ya Appalachia iko mashariki, nayo inafuata mwelekeo uleule. Katikati, kutoka Aktiki ya Kanada mpaka Ghuba ya Meksiko, hakuna safu ya milima mirefu iliyolala kukata njia. India ina Himalaya inayoikinga na baridi ya Asia ya Kati. Illinois haina kinga ya namna hiyo. Ni ua lililokosa ukuta kaskazini na kusini, na kila hewa inapita itakavyo.

Mji wenu, wenye watu kama 6,000 pale ukingoni mwa mto Illinois, uko kwenye latitudo ya 40. Kwenda kusini hadi pwani ya Ghuba ni kama kilomita 1,100. Kwenda kaskazini hadi mpaka wa Kanada ni kama 900. Upepo wa kilomita 50 kwa saa humaliza safari yoyote kati ya hizo kwa siku moja tu. Hewa waliyochezea watoto Jumapili huenda siku moja au mbili nyuma ilikuwa juu ya maji ya Ghuba. Ile iliyoleta theluji Jumanne ilikuwa juu ya nyanda zilizoganda za Kanada. Hali ya hewa ya Beardstown haizaliwi Beardstown, inapita njia tu.

Januari vituko vipo pia, lakini mara nyingi baridi imekaa Kanada na imekaa Illinois pia. Julai joto limeenea karibu kote. Tatizo ni Machi na Aprili. Karibu na tarehe 20 Machi usiku na mchana vinalingana, na kwenu mchana unarefuka kwa kama dakika mbili na nusu kila siku, jambo ambalo mtu wa Uvira hajawahi kuliona, maana huko kwa mwaka mzima tofauti haifiki nusu saa. Jua hilo linaichemsha kusini. Maji ya katikati ya Ghuba yana zaidi ya nyuzi 20, na mashamba ya Texas na Louisiana yameshachipua. Lakini kaskazini theluji bado imelala na inarudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na Hudson Bay, ghuba kubwa ya kaskazini mwa Kanada, bado ni barafu tupu. Joto na baridi vimesogeleana, na nyinyi mmekaa katikati.

Tofauti hiyo ndiyo inayoulisha mkondo wa upepo mkali unaopita angani, kilomita kama 10 juu yetu. Chini yake huzaliwa maeneo ya mgandamizo mdogo wa hewa, mengine yakichomoza upande wa Colorado, mengine Alberta huko Kanada, na kuja mashariki moja baada ya jingine, kila baada ya siku chache. Kila moja linazunguka kinyume na mwendo wa mshale wa saa. Mbele yake linavuta hewa ya kusini, nyuma yake linashusha hewa ya kaskazini. Ndiyo maana juma lenu linafuata mtindo: siku moja au mbili za joto na upepo wa kusini, ngurumo, kisha baridi kali na anga safi, halafu kimya cha siku moja, na mzunguko unaanza upya. Majirani waliocheka wameishi na mzunguko huo tangu utotoni.

Baridi ikiingia, kuna dalili unazoweza kuziona kwa macho. Jioni upepo wa kusini unatikisa vizimba vya taka, hewa ina unyevu, vioo vya madirisha vya nyumba iliyopoa vinatoka jasho kwa nje. Upande wa kaskazini-magharibi unatokea mstari mweusi chini ya mawingu. Upepo unanyamaza kwa dakika chache. Halafu unapiga kwa nguvu kutoka upande mwingine kabisa, karatasi zilizokuwa zikikimbilia kaskazini zinarudi mbio kusini, na matone makubwa yanaanza. Ndani ya saa moja au mbili joto linaweza kushuka nyuzi 10 au hata 15. Hewa baridi ni nzito, inajipenyeza chini ya ile ya joto na kuinyanyua kwa ghafla. Ile iliyonyanyuliwa ndiyo inayotoa radi na mvua ya mawe.

Mara nyingine joto haliji kabisa, inakuja theluji moja kwa moja, na hapo njia ya ule mgandamizo mdogo ndiyo inayosema. Ukipita kaskazini-magharibi yenu, mnabaki upande wa joto: upepo wa kusini, ngurumo, kisha baridi. Ukipita kusini yenu, tuseme upande wa St. Louis, upepo huanzia mashariki, unageukia kaskazini, na mvua inabadilika taratibu kuwa theluji. Kilomita 100 za tofauti katika njia hiyo zinatosha kubadilisha kila kitu. Milimita 25 za mvua ni madimbwi barabarani. Maji hayohayo yakishuka kama theluji ya kawaida ni sentimita 25, shule zimefungwa na hakuna anayetoka. Tofauti kati ya hayo mawili inaweza kuwa nyuzi moja au mbili tu. Kwa hiyo mtabiri wa Machi akikuambia "sentimita 3 hadi 15", usimdhanie mvivu. Anakuambia ukweli, kwamba njia bado haijajulikana vizuri.

(Wapo wanaofurahia. Mafundi wa magari wana kazi, maana maji yakiingia kwenye nyufa za lami, yakaganda usiku na kuyeyuka mchana, barabara inatoboka mashimo. Na wanaotengeneza sharubati ya mti wa mepo (maple) huiombea hali hiyohiyo: usiku chini ya sifuri, mchana juu ya sifuri, ndipo utomvu unapotiririka.)

Sasa jinsi ya kuisoma simu. Achana na ile picha ya jua na namba mbili za siku nzima. Bonyeza siku yenyewe mpaka upate saa kwa saa, uangalie saa zako wewe: saa nane mchana unapotoka, na saa sita usiku unaporudi. Kumbuka simu inaziandika kwa saa za Kizungu, 2 PM na 12 AM. Ukiona namba zinaanza juu asubuhi na kuteremka hadi jioni bila kupanda, hiyo ni siku iliyogeuzwa, vaa kwa kufuata namba ya mwisho. Kisha tafuta upepo. Herufi hutaja unakotoka: S ni kutoka kusini, NW ni kutoka kaskazini-magharibi. Mshale wa kwenye programu nyingi, kwa bahati mbaya, huelekeza unakokwenda, kwa hiyo mshale unaotazama juu ni upepo wa kusini. Amini herufi. Ukiona S zinageuka kuwa W na NW kati ya saa fulani na nyingine, hiyo ndiyo saa ya koti. Na 32 ya Farenhaiti ndiyo sifuri yetu, mahali maji yanapoganda.

Kwa upande wangu siziamini sana programu zinazokuja na simu, kwa kuwa nyingi ni namba za kompyuta ambazo hakuna mtu aliyezipitia. Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ina ofisi Lincoln, Illinois, inayoshughulikia kata yenu ya Cass, na watabiri wake wako kazini usiku na mchana. Fungua weather.gov, andika zip kodi yako, ile namba ya posta ya mji wenu. Utabiri wao umeandikwa kwa maneno, na siku kama ile Jumanne yako husema wazi kwamba joto litakuwa likishuka hadi kiasi fulani ifikapo saa kumi na moja jioni. Sentensi hiyo moja ingekuokoa. Kuhusu mavazi sina elimu ya pekee: koti, glavu, kofia na kikwangulio cha barafu vikae ndani ya gari mpaka mwisho wa Aprili, hata siku ya kaptula.

Je, dunia imeharibika? Swali hilo lina majibu mawili, na usikubali mtu akupe moja tu. Kuyumba kwenyewe ni kwa zamani. Milima na Ghuba vilikuwepo kabla ya viwanda. Kilichobadilika ni kwamba majira haya, kwa wastani, yana joto zaidi kuliko zamani katika eneo hilo, na mvua kubwa za ghafla zimeongezeka. Hatari inatokana na kukutana kwa vitu viwili: joto linawahi kuja, ilhali usiku wa baridi kali haujaacha kuja. Machi 2012 ilionyesha hilo. Sehemu kubwa ya Midwest, yaani majimbo ya katikati-kaskazini ya Marekani, ilipata siku kadhaa za joto la kiangazi, Chicago ikapita nyuzi 27. Miti ya matunda ikadanganyika, ikatoa maua mapema. Aprili baridi ikarudi kama kawaida yake, na Michigan, jimbo linaloongoza kwa cheri chachu, likapoteza karibu asilimia 90 ya zao hilo mwaka ule. Aprili yenyewe haikuwa ya ajabu. Maua ndiyo yaliyokuwa yamewahi.

King'ora ni cha kuonya juu ya tonado, ule upepo mkali unaozunguka kama mnara. Maeneo mengi ya Illinois hukijaribu Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi. Kama ni Jumanne hiyo, saa hiyo, na anga ni tulivu, endelea na ugali wako. Kikilia wakati mwingine wowote, ingia ndani mara moja. Usiende nje kutafuta tonado kwa macho, ingawa utawaona wenyeji wengine wakifanya hivyo, wamesimama barazani na chupa mkononi.

Usidhani Machi ni mapema mno kwa tonado. Tonado iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya Marekani ilipiga tarehe 18 Machi 1925. Ilianzia Missouri, ikakata kusini mwa Illinois, ikaishia Indiana, kiasi cha kilomita 350 kwa saa tatu na nusu, na watu 695 wakafa. Tarehe 5 Machi 2022 nyingine kali ilipita karibu na Winterset, Iowa, na watu sita wakapoteza maisha katika kata ile moja ya Madison. Siku za namna hiyo huwa ni zile za upepo wa kusini wenye joto na unyevu kabla baridi haijaingia, yaani zile ambazo watoto wanaomba kaptula.

Simu yako itatumia maneno mawili ya Kiingereza ambayo lazima uyatofautishe. "Watch" inatolewa na kituo cha Norman, Oklahoma, kwa eneo kubwa na kwa saa kadhaa: maana yake mazingira ya hatari yapo, chaji simu, jua watoto wako wapi. "Warning" inatolewa na ofisi yenu ya Lincoln, kwa eneo dogo na kwa muda mfupi: maana yake tonado imeonekana kwa macho au kwenye rada, na unajificha sasa hivi. Mahali pa kujificha ni besimenti, chumba kilicho chini ya ardhi. Kama haipo, ni bafu au kabati la ndani, ghorofa ya chini, mbali na madirisha. Kama mnaishi kwenye trela, trela si kinga hata ikifungwa vizuri, kwa hiyo mkipata "Watch" tayari mpange mtakwenda kwa nani. King'ora kimewekwa kwa ajili ya walioko nje. Aliyelala huenda asikisikie. Kwa hiyo usizime tahadhari za dharura kwenye simu, hata kama zinaudhi. Na kiwandani muulize msimamizi zamu yenu hukimbilia wapi, uulize kabla ya siku yenyewe.

Sasa lengalenga, ambayo nahisi ndiyo iliyokuuma zaidi.

Ulichofanya ni kupanda kwa kufuata joto la mchana. Mbegu haijui habari za mchana, inajua udongo. Lengalenga hupenda udongo wenye nyuzi 18 au zaidi, yaani kama 65 za Farenhaiti, na udongo wa Aprili kwenu haujafika hapo hata siku moja ikipata joto la kutoka jasho. Wakulima wa mahindi wanaowazunguka hungoja udongo ufike kama nyuzi 10, na mahindi ni mavumilivu kuliko lengalenga. Ukitaka uhakika, chukua kile kipimajoto cha jikoni cha kuchomeka kwenye nyama, kichomeke sentimita tano ardhini asubuhi, siku tatu nne mfululizo. Asubuhi, si mchana, maana udongo wa juu mchana unadanganya vilevile.

Usiku wa mwisho wa kuganda katikati ya Illinois huja mara nyingi katika nusu ya pili ya Aprili, lakini miaka mingine unaingia Mei. Ndiyo sababu bibi wa jirani atakuambia nyanya hazitoki nje kabla ya Sikukuu ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei. Mfuate. Na utabiri ukisema nyuzi 2 za Selsiasi, usidhani mmepona. Kipimo kinawekwa mita kama mbili juu ya ardhi, na usiku wa anga safi usio na upepo hewa nzito ya baridi hushuka na kulala chini kabisa, hasa kwenye bonde la mto kama lenu. Kwenye kipimo ni 2, kwenye majani ni sifuri, na lengalenga inaamka nyeusi.

Kama mikono inawasha kupanda, Aprili panda visivyoogopa baridi: sukuma, spinachi, vitunguu, njegere, viazi mviringo. Sukuma hata ikipigwa na theluji nyepesi huinuka tena. Maharage yangoje pamoja na lengalenga. Au anza lengalenga kwenye vikopo dirishani mwishoni mwa Aprili, kisha uitoe nje baada ya katikati ya Mei. Ukishaitoa, likitangazwa jambo la baridi, ifunike jioni kabla jua halijazama kwa shuka kuukuu lililofika hadi chini ili joto la udongo lisitoroke, na ulifunue asubuhi. Plastiki isiguse majani, maana panapogusa panaungua na baridi.

Wala huna haja ya haraka. Lengalenga iliyopandwa kwenye udongo wenye joto inakua upesi, wiki nne hadi sita unachuma. Ukipanda katikati ya Mei, mwishoni mwa Juni mnakula, na unaweza kumwaga mbegu nyingine Juni na tena Julai, ukavuna mpaka baridi ya vuli irudi. Udongo wa kando ya mto huko kwenu una mchanga mwingi katika sehemu nyingi: unapata joto mapema, lakini unakauka haraka pia, kwa hiyo kuanzia Juni umwagilie asubuhi kabla ya kwenda zamu, au mwambie mtoto mkubwa afanye hivyo.